Dawa, Rangi na Historia ya Unywele Mmoja

Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu habari za mchana. Nimeombwa nizungumze nanyi wasusi kuhusu dawa ya kunyoosha nywele na rangi kwenye kichwa kimoja. Nianze na mteja ambaye nyote mnamjua. Anaingia Alhamisi jioni, harusi ni Jumamosi. “Dada, naomba unitie dawa halafu unipake rangi ya dhahabu, yote leo.”

Msusi mwenye haraka ataangalia mizizi, aone nywele mpya zimeota, afungue kopo. Mimi naomba tuangalie ncha. Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo nywele za sentimita 30 ncha zake zina miaka miwili na zaidi. Kama mwenyewe huritachi, yaani hurudia dawa nywele mpya zikiota, kila baada ya miezi miwili, na kila mara dawa ikavutwa kwa kitana mpaka chini, ncha ile imeshapigwa dawa zaidi ya mara kumi. Na unywele ukishatoka kichwani hauna uhai, hauponi. Stimingi, yaani mvuke wa moto, na mafuta vitaulainisha na kuung’arisha, basi.

Tuone kinachoumia. Ndani ya unywele kuna vifungo vya salfa vinavyoupa umbo lake. Dawa ya kopo isiyochanganywa ina sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni za mche. Kipimo chake cha pH, kinachoonyesha ukali wa alkali au asidi, hufika 13 na kuendelea, wakati nywele zenyewe hupenda kukaa kati ya 4.5 na 5.5, na kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi. Dawa inavunja sehemu ya vifungo vile na havirudi tena. Ndiyo maana nywele za dawa zikilowa hazijikunji kama zamani. Dawa za kuchanganya, zile za krimu na kichupa cha maji yake, hutumia kalsiamu haidroksaidi ambayo ikichanganywa huzalisha guanidini. Zinasifiwa kwamba ni za upole, na kwa ngozi ya kichwa kuna ukweli. Ila huacha kalsiamu juu ya nywele, nywele zinakauka, na rangi ikija inashika mabaka. Mteja analaumu rangi, kumbe ni dawa ya miezi iliyopita. Kabla ya rangi, kichwa cha namna hiyo kioshwe kwa shampuu ya kuondoa madini.

Rangi ya kudumu nayo inapita mlango ule ule. Alkali yake, mara nyingi amonia, inafungua magamba ya nje ya unywele, peroksaidi inaingia na kupausha weusi wa asili, kisha rangi mpya inaundwa humo ndani. Kwa namba za kwenye chupa, peroksaidi ya 20 ni asilimia 6, ya 30 ni asilimia 9, ya 40 ni asilimia 12. Kwenye nywele za dawa sioni sababu ya kuvuka 20. Blichi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu nayo inakwenda kula vifungo vya salfa vilivyobaki. Anayetaka dhahabu juu ya nywele za dawa mshonee wiving au msuke rasta za rangi hiyo. Utapata hela yako na yeye atabaki na nywele zake.

Mpangilio basi: dawa kwanza, rangi baadaye, na katikati zipite wiki mbili angalau. Ukigeuza, dawa itafifisha rangi uliyoitolea jasho na kupiga nywele ambazo peroksaidi imeshazichosha. Kwa yule wa Alhamisi kuna njia: baada ya dawa kusuuzwa kwa maji mengi na shampuu ya kuzimulia dawa, ile inayoua alkali iliyobaki, kutumika sawasawa, ngozi ikiwa haijachubuka, unaweza kumpaka rangi ya juu isiyo na amonia wala peroksaidi. Itazidisha weusi au kutia wekundu wa mbali. Haitampa dhahabu, na mwambie hivyo kabla hajakaa kwenye kiti.

Sasa kipimo ambacho hakigharimu kitu. Chukua unywele mmoja wa nyuma, ulowanishe, ushike ncha mbili uvute taratibu. Mzima unanyooka kiasi na kurudi. Uliochoka unavutika kama ubani uliotafunwa, haurudi, kisha unakatika. Ukiona hivyo, siku hiyo hakuna dawa wala rangi.

Kuna na kipimo cha kikombe, hasa kwa wateja wanaopaka hina za pakiti. Hina halisi haina ugomvi na peroksaidi, ila baadhi ya zile zinazoitwa hina nyeusi zina chumvi za metali. Weka vijinywele vichache kwenye kikombe cha kioo chenye peroksaidi ya 20 na matone ya amonia, subiri nusu saa. Kikipata moto, kikitoa mapovu, au nywele zikibadilika rangi ghafla, usimpake kitu cha peroksaidi mpaka nywele zile zikatwe.

Pwani nasisitiza jambo la piko. Piko nyingi ni rangi ya nywele yenye PPD, kemikali inayotia weusi, na watu huchorwa nayo mikononi na miguuni siku za harusi. Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 kwenye rangi ya nywele inapopakwa kichwani, na hauiruhusu kuchorea ngozi. Mwili ukishaikataa mara moja, unaikumbuka. Kwa hiyo muulize kila mteja: piko imewahi kukutoa malengelenge? Akisema ndiyo, rangi yenye PPD usimpake kabisa. Wengine wote, paka kidogo nyuma ya sikio, saa 48 kabla.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza: mvi anazificha kwa rangi nyeusi, na dawa anaweka, afanyeje? Mama, dawa yako iwe kila baada ya wiki nane mpaka kumi na mbili, ipakwe kwenye nywele mpya tu, za zamani zikingwe kwa mafuta mazito. Usijikune wala kuosha kichwa siku mbili kabla. Wiki mbili baada ya dawa, rangi kwenye mizizi peke yake. Nywele za dawa hunywa rangi haraka, kwa hiyo msusi aikague kila dakika tano. Ncha zikiwa zimepauka, azipitishie rangi ile ya juu isiyo na peroksaidi.