Kwa nini kitabu hugeuka hewani kikizungushwa kwa mhimili wa kati

Mtazamaji, tafuta kitabu chenye jalada gumu na ukifunge kwa rababendi mbili ili kurasa zisifunguke, kwani tunachunguza gimba lisilobadilika umbo. Hiki changu kina tungamo la kilo 0.6, urefu wa sentimita 24, upana wa 16 na unene wa 3.

Kwanza kokotoa momenti ya inesha, yaani kiasi ambacho gimba hupinga kubadilishwa mzunguko wake, ya kila mhimili: chukua vipimo viwili vilivyo kwenye pembe ya digrii 90 na mhimili huo, jumlisha miraba yake, zidisha kwa tungamo, kisha gawanya kwa 12. Utapata takriban 0.0013 kwa mhimili unaofuata urefu, 0.0029 kwa unaofuata upana, na 0.0042 kwa unaopenya majalada, zote kwa kipimo cha kilo mita mraba.

Bandika karatasi nyekundu kwenye ukingo wa kushoto, kisha urushe. Ukizungusha kwa mhimili wa momenti ndogo kabisa au kubwa kabisa, kitabu hutulia katika mzunguko wake hata mkono ukitetereka.

Uhondo uko kwenye mhimili wa kati, yaani ule wenye momenti ya kati, unaofuata upana. Shika kitabu kwa mikono miwili jalada likikuelekea, ukirushe juu kiasi cha sentimita 30 ili ncha yake ya juu ije kwako na kumaliza mzunguko mmoja. Ukikidaka, kwa kawaida utaikuta alama nyekundu upande wa kulia, ingawa hukukizungusha upande huo hata kidogo.

Sababu imo katika milinganyo ya mwanahisabati Leonhard Euler, ambayo kwangu ni miongoni mwa kazi nzuri kuliko zote za karne ya 18. Bila torki (msukumo wa kuzungusha) ya nje, kasi ya kuzunguka mhimili mmoja hubadilika kwa kutegemea zao la kasi za mihimili mingine miwili na tofauti ya momenti zao. Kwa mihimili ya momenti ndogo kabisa na kubwa kabisa, alama za tofauti hizo (chanya au hasi) huurudisha kila mkengeuko mdogo, yaani kuyumba kokote kutoka kwenye mhimili. Kwa mhimili wa kati, mikengeuko miwili hukuzana. Kitabu hiki kikizunguka kwa radiani 12 kwa sekunde (karibu mizunguko miwili), mkengeuko huongezeka takriban mara 2.7 kila sekunde 0.14, nacho hukaa hewani karibu nusu sekunde, muda unaotosha kuukuza mtikisiko wa vidole zaidi ya mara 10.

Mvutano wa dunia hauhusiki: mwaka 1985 mwanaanga Vladimir Dzhanibekov aliona nati yenye mabawa ikijigeuza vivyo hivyo, tena na tena, mahali pasipo na uzito.

Hatimaye rusha kipande cha ubao chenye urefu na upana sawa. Momenti mbili zitalingana, mhimili wa kati utakosekana, na mkengeuko hautakuzwa tena kwa namna ile.