Usiniambie Risasi Imezidi, Niambie Imezidi Tangu Lini

Mbukwenyi! Naona safu za mbele ni watu wa jiolojia na safu za nyuma ni walioambiwa kuna chakula. Karibuni nyote. Wanaonifahamu wanajua nitakachosema leo, ni kile kile cha siku zote, na nitaendelea kukisema mpaka mtakapokifanya.

Mwanafunzi anakuja ofisini na ripoti. Amekwenda Dar es Salaam, kwenye mdomo wa mto Msimbazi, amechota tope la juu, amelipeleka maabara, amerudishiwa karatasi: risasi (ile metali, si ya bunduki) kiasi hiki, kromiamu kiasi hiki, zinki kiasi hiki. Chini yake ameandika kwa herufi kubwa: UCHAFUZI. Namuuliza, kijana wangu, mwaka 1900 hapo hapo palikuwa na risasi kiasi gani? Ananitazama kana kwamba nimemuuliza jina la mama mkwe wa Karl Peters.

Simaanishi kwamba Msimbazi ni msafi. Pua yangu bado inafanya kazi. Ninachosema ni kwamba karatasi ile haijathibitisha alichoandika. Kipimo kisicho na tarehe ni uvumi wenye desimali.

Mto hushusha kile ulichokipitia. Kromiamu na nikeli hutoka kwenye mawe meusi bila msaada wa kiwanda chochote. Nendeni hapo Bahi, pimeni urani kwenye tope la mbuga, mtaikuta, na hakuna bomba la moshi hata moja lililoileta. Ni itale inayochakaa na maji yanayokauka kwenye bonde lisilo na mlango. Halafu kuna suala la ukubwa wa chembe. Tope laini hushika metali nyingi kuliko mchanga, kwa hiyo anayelinganisha tope la mikokoni na mchanga wa ufukweni analinganisha chembe, halinganishi uchafu. Ndiyo maana tunagawanya kipimo cha metali kwa kipimo cha alumini kwanza, tujue udongo wa mfinyanzi ni kiasi gani, kisha ndipo tuulize kilichozidi. Hili liko kwenye kila kitabu. Sijui kwa nini halifiki kwenye ripoti.

Najua kuna mtu pale anasema moyoni: huyu mzee yuko Dodoma, bahari iko wapi? Swali zuri. Chukua mvua iliyonyesha upande wa mashariki wa mji huu. Inaingia mito ya Kinyasungwe, nyingine inapumzika bwawa la Hombolo, iliyobaki inapita Mpwapwa na Kilosa, inakuwa Wami, inaingia Bahari ya Hindi pale Saadani. Upande wa kusini maji yanakwenda Mtera, kisha Ruaha Mkuu, kisha Rufiji. Ni upande wa magharibi tu ndio unaoishia Bahi na kukaukia huko huko. Kwa hiyo kila oili ya gari inayomwagwa kwenye mtaro wa hapa mjini ina nauli ya kwenda pwani. Tukimaliza hapo tusirudiane.

Sasa nipeni nafasi niwape kisa cha watafiti wa Torino, Italia, na mliokwisha kukisikia mnivumilie.

Chini ya kisigino cha Italia, kwenye Ghuba ya Taranto, kuna mteremko mpole wa sakafu ya bahari karibu na mji wa Gallipoli. Si Gallipoli ya Uturuki iliyopiganiwa mwaka 1915, hiyo ni nyingine. Pale hakuna mto mkubwa unaomwaga mafuriko, na kina kinatosha mawimbi yasifike chini. Tope linashuka polepole, kama milimita 0.645 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, bila haraka. Profesa Giuliana Cini Castagnoli na wenzake wa Torino walichukua nguzo za tope kutoka pale, yaani tope lililotolewa wima kwa bomba, la zamani chini na jipya juu, wakazikata vipande vya milimita 2.5. Pigeni hesabu: kila kipande ni miaka minne kasoro kidogo. Huo ni uvumilivu wa mtu anayejua anachotafuta.

Mtaniuliza, hiyo 0.645 waliijuaje? Hapa ndipo ninapopapenda. Volkano za Campania, Vesuvio na jirani zake, zinapolipuka, upepo hubeba majivu kuelekea mashariki na kuyaangusha baharini. Ndani ya majivu kuna vifuwele vya madini yaitwayo pairoksini. Wakakaa na darubini wakavihesabu, kipande kwa kipande. Sehemu kubwa ya nguzo hakuna kitu, halafu ghafla vifuwele vinajaa. Huo ni mwaka 79, mji wa Pompeii unafukiwa. Juu kidogo vinajaa tena: mwaka 472. Juu tena, 1301, kisiwa cha Ischia. Tarehe hizi zimetoka kwenye maandishi ya watu wa kale, si kwa wanasayansi. Ukiweka kina upande mmoja na mwaka upande wa pili, unapata mstari ulionyooka kwa karibu miaka elfu mbili. Nikiuona mchoro ule nanyamaza, na mnajua si kawaida yangu.

Baada ya kupata saa yao ndipo wakauliza swali la mbinguni. Walichukua punje za tope, wakazipasha moto, wakapima mwanga unaotoka. Katika kupanda na kushuka kwa mwanga huo wakasoma mzunguko wa miaka 11, ambao ni mzunguko wa madoa ya jua. Jua likiwa na madoa mengi hurusha chembe zaidi, sumaku ya dunia inatikisika, na kule ncha za dunia anga linawaka kijani na nyekundu. Hiyo ndiyo aurora. Kabla ya darubini za kutazama jua na nyota, watu wa China, Korea na Ulaya waliandika usiku ambao anga liliwaka, na kumbukumbu hizo ni shajara ya jua. Kwa hiyo tope la Italia na shajara za aurora vinaweza kuwekwa meza moja. Je, tabia ya jua inaingiaje kwenye punje ya tope? Hapo mnaruhusiwa kubishana nao, hata mimi nabishana nao. Lakini tarehe zao hamziwezi.

Na tope hilo hilo, ukilipima risasi badala ya mwanga, litakupa historia ya uchafu kwa mwaka. Nguzo moja, saa moja, maswali mawili. Sisi tunakwenda na koleo.

Mtu wa bajeti atasema Tanzania haina Vesuvio pwani. Kweli. Lakini tuna risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi, inayoshuka kutoka angani yenyewe na kupungua nusu kila miaka 22 hivi, inatufikisha zaidi ya miaka mia nyuma. Tuna sezi-137, metali yenye mionzi iliyoachwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia, yenye kilele mwaka 1963, ingawa huku karibu na ikweta ilianguka kidogo, kwa hiyo usinakili mbinu ya Ulaya ukategemea utaona mlima. Na tuna petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuacha petroli yenye risasi, na mwanzoni mwa 2006 ikawa imeondoka. Risasi ya petroli na risasi ya mawe yetu zinatofautiana kwa isotopu zake, yaani mchanganyiko wa atomi za risasi zenye uzito tofauti. Kwenye nguzo nzuri ya tope lazima uone ile ya petroli ikipanda na miaka ya magari, kisha ikianza kushuka. Usipoiona, ama tope lako limevurugwa, ama kaa amekutangulia.

Ndiyo, kaa. Kaa wa mikokoni anachimba shimo, anachanganya mwaka 1950 na mwaka 2020, kisha anapumzika kivulini. Mnyoo naye hivyo hivyo. Kwa hiyo usiniletee nguzo kutoka kwenye mashimo ya kaa kisha uniambie risasi-210 haifanyi kazi. Tafuteni sehemu tulivu, nje kidogo, kwenye kina. Boti ni ghali, najua. Kurudia utafiti mbovu mara tano ni ghali zaidi, ila gharama hiyo haionekani kwenye fomu ya maombi.

Na kuna haraka. Bwawa la Kidatu lina maji tangu 1975, Mtera tangu miaka ya 1980, na bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Tope lililokuwa likifika delta ya Rufiji sasa linatua nyuma ya ukuta. Sina ugomvi na umeme, hata kipaza sauti hiki kinautumia. Lakini rekodi ya delta inabadilika mwandiko hivi sasa, na nguzo za kuonyesha hali ya kabla zichukuliwe kabla chumvi, mmomonyoko na kamba wa baharini hawajazigeuza. Mradi mmoja nitakaouacha bila jina ulileta mashine ya kuchukua nguzo, ukachukua picha nayo, mashine ikabaki stoo.

Naambiwa nina dakika tano. Basi zebaki ya wachimbaji wadogo naiacha, na rangi za meli zenye bati pia, someni wenyewe, zimepigwa marufuku kwenye meli tangu 2008 na bado zimo matopeni bandarini. Sumaku kwa haraka: vumbi la injini na moshi wa makaa lina chembe za chuma, kwa hiyo tope chafu mara nyingi linavutwa na sumaku kuliko safi, na kipimo chake ni rahisi sana. Lakini kuna bakteria wa matopeni wanaojitengenezea sumaku wenyewe ndani ya mwili. Mwanabiolojia Richard Blakemore aliandika habari za bakteria hao mwaka 1975. Kwa hiyo hapo pia, asili kwanza, lawama baadaye.

La mwisho ni kwa watu wa magnetomita, kifaa cha kupima sumaku ya dunia, na humu Dodoma mpo wengi. Usiku wa Ijumaa, 10 Mei 2024, mnamo saa mbili na dakika chache kwa saa zetu, dhoruba ya jua kubwa kuliko zote tangu 2003 iliipiga sumaku ya dunia. Ulaya walitoka nje kupiga picha za aurora. Hapa hatukuona kitu, ila sindano ziliona. Mnatafuta miamba kwa tofauti ya makumi ya nanotesla, kipimo cha nguvu ya sumaku, na dhoruba ile ilishusha nguvu ya sumaku maeneo ya karibu na ikweta kwa mamia. Najua mlichofanya: mkaandika “siku mbaya”, mkarudia mistari, mkafuta faili la kituo cha msingi, kile kinachorekodi sumaku mkiwa kazini. Kwenu ni kelele. Kwangu ni aurora iliyopimwa Dodoma, na dakika zake zinajulikana. Yeyote ambaye hajalifuta, nitakuwa pale mlangoni, na flashi ninayo.