Mkulima Alifukuzwa Mlangoni, Akajenga Benki Yake

Asante, mwenyekiti. Habari za National Bank of India kufika Mombasa mwaka 1896 mnazijua, na jinsi serikali ilivyochukua asilimia 60 mwaka 1970 tukapata Kenya Commercial Bank, yaani KCB, mmeisoma. Tuyaache. Mimi nataka kwenda Kangema, kule Murang'a, ilikozaliwa benki ya Equity. Wengine mmeshachoka na Kangema yangu, mtanivumilia.

Equity ilianza mwaka 1984, ikiwakopesha watu pesa za kujenga nyumba. Kufika 1993 ilikuwa hoi: zaidi ya nusu ya mikopo hailipwi, hasara imemeza mtaji, akiba za wateja ndizo zinazolipa gharama za ofisi. Hapo ndipo alipoingia James Mwangi, aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wake. Aliyeiokoa hakutoka London na mkoba wa dola. Yeye na wenzake walianza kumkopesha mama mboga na mkulima wa chai anayesubiri bonasi. Wafanyakazi nao wakanunua hisa. Baadaye gari likageuzwa tawi, likawa linawafuata watu sokoni siku ya soko.

Na benki kubwa za mjini miaka hiyo zilifanya nini? Zilifunga matawi ya mashambani, zikapandisha kiwango cha chini cha akiba. Kwa maneno mengine, mkulima aliambiwa ashike njia. Akashika! Akabeba shilingi zake akazipeleka Equity, ambayo mwaka 2004 ikawa benki kamili na 2006 ikaingia Soko la Hisa la Nairobi.

Wewe unayetikisa kichwa hapo nyuma, najua unachotaka kusema: kilichomfikishia mtu wa chini benki ni simu. Kila ukumbi ninaoingia hakosi kijana wa kuniambia ni M-Pesa. M-Pesa ilianza Machi 2007, bwana. Angalia tarehe zako. Simu ilimkuta mteja ameshafungua akaunti, ikamwongezea kasi tu.

Haya, sasa benki hizi zikavuka mipaka. KCB iliingia Tanzania 1997, Sudan Kusini 2006, Uganda 2007, Rwanda 2008. Equity ilinunua Uganda Microfinance mwaka 2008, kisha huko Kongo (DRC) ikanunua benki za ProCredit mwaka 2015 na BCDC 2020. KCB nayo ikanunua benki ya TMB huko huko Kongo mwaka 2022. Msidhani ni Nairobi peke yake: benki ya CRDB ya Dar iko Burundi tangu 2012, na Kongo tangu 2023.

Mnaona kitenzi ninachorudia? Kununua. Ninachouliza ni nani huko Kongo anapelekewa gari siku ya soko. Hata hapa nyumbani, Bunge lilipoweka kikomo cha riba mwaka 2016, benki zilimkimbia mkopaji mdogo zikaenda kuikopesha serikali. Kikomo kiliondolewa 2019. Mama mboga bado anakopa kwa simu, riba inamchoma.

Nilikuwa na mengi kuhusu Imperial na Chase, benki zetu mbili zilizoanguka, lakini mwenyekiti ananionyesha saa yake. Maswali, basi. Ndugu wa M-Pesa, wewe utauliza mwisho.