Uarabu wa Mji Mkongwe, kumbe mchoraji Mwingereza

BARAKA: Haya tumerudi, mimi Baraka, na huyu hapa dada Salma, mtoto wa Unguja. Dada, juzi nimepita Mnazi Mmoja nikapiga picha jengo moja jeupe lina kuba na matao, nikaposti nikaandika "usanifu wa Kiarabu", aisee watu walinishukia!

SALMA: (anacheka) Beit el Amani hiyo, lile jengo la makumbusho, umepatikana kaka. Kachora Mwingereza, John Sinclair, mtu wa serikali ya kikoloni aliyekuja kuwa Resident kabisa, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza hapa Zanzibar, nyumba ikafunguliwa 1925. Na Mahakama Kuu pale Vuga mkono wake huohuo.

BARAKA: Sasa Mwingereza na kuba wapi na wapi?

SALMA: Ndo hapo! Walitaka majengo ya serikali yafanane na Mwarabu waliyemfikiria wao. Maana nyumba ya Muomani mwenyewe nje haina makeke yoyote, ukuta mnene wa chokaa, mapambo yote kayamalizia mlangoni, uzuri uko ndani, uwanja katikati watu wa nyumbani wakae bila kuonwa na wapita njia.

BARAKA: Na zile roshani za mbao?

SALMA: Hizo Wahindi sana. Mfanyabiashara wa Kigujarati anataka duka chini, yeye na wanawe juu, kwahiyo nyumba inatazama njia, haijifichi. Kaione ile dispensari ya zamani ya Tharia Topan ufukweni, ilianza kujengwa 1887 ikaisha 1894, mbao zimechongwa utadhani lesi.

BARAKA: Milango nayo naona yote sawa tu.

SALMA: Wee! Wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, una aya za Qur'ani, ndo mtindo wa zamani. Wenye tao juu umeshika zaidi mwishoni mwa karne ya 19, mkono wa Kihindi huo. Ukikuta wa vipande vidogo vya mraba, mbao zinakunjwa, hapo ujue palikuwa na duka. Halafu pale katikati kuna ule mti unaitwa mfaa, na misumari ya shaba...

BARAKA: Ya kuzuia tembo!

SALMA: Hiyo stori ya India huko. Unguja tembo atoke wapi, na apite uchochoro gani?

BARAKA: (anacheka) Kwahiyo Mswahili yeye kaachiwa nini?

SALMA: Mifupa yote ni yake bwana. Mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko, pwani hii walijenga hivyo kabla Muomani hajafika. Na boriti ndo bosi, urefu wake una mwisho, ndo maana vyumba vyembamba halafu virefuu kama korido, uwe Mwarabu uwe Mhindi utalala humohumo. Sultani Barghash alipotaka makubwa, 1883, Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ilibidi iwekewe nguzo za chuma.

BARAKA: Ile iliyoanguka.

SALMA: Sehemu yake, Desemba 25, 2020. Usinikumbushe, ile siku simu haikunyamaza.

BARAKA: Pole dada. Basi ngoja nikaedit posti yangu, niandike nini sasa?

SALMA: Andika "Mwingereza kavaa kilemba".