Floraidi ya Kumeza na Floraidi ya Kupaka

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi, walimu na wauguzi wenzangu, habari za asubuhi.

Kila tunapowaeleza wazazi wa huku Meru kwamba tunataka kuwapaka watoto floraidi kwenye meno ili yasioze, swali la kwanza huwa lile lile, na mara nyingi huulizwa na bibi: "Si hiyo hiyo iliyotuharibia meno? Leo mnatuongezea nyingine?" Bibi huyo ana haki ya kuuliza. Maji ya visima na chemchemi nyingi za upande huu yamepita kwenye miamba ya volkano, na floraidi yake imezidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Hapo Ngurdoto kuna kituo kinachotafiti namna ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa. Meno ya kahawia tunayo, tena tukifika Dar es Salaam watu wanajua tulikotoka kabla hatujajitambulisha.

Sasa, jino la ukubwani huumbwa likiwa bado ndani ya taya. Yale ya mbele juu, yanayoonekana mtu akicheka, gamba lake hujengeka zaidi katika miaka mitatu minne ya kwanza, wakati mtoto bado ana meno ya utotoni. Akimeza floraidi nyingi kila siku katika miaka hiyo, inapita kwenye damu, inavuruga ujenzi, na jino linachomoza na madoa. Likishachomoza, gamba lake limekwisha kujengwa. Kuanzia hapo shida inatoka kinywani: vijidudu vinakula sukari na kutoa asidi, nayo asidi inayeyusha madini ya gamba. Mate huyarudisha taratibu. Floraidi iliyoko juu ya jino huharakisha kazi hiyo ya mate, na gamba linalorudi linastahimili asidi kuliko la awali. Faida yake kubwa iko pale juu ya jino, wala haihitaji kufika tumboni.

Tupige hesabu basi. Vanishi, yaani hiyo floraidi tunayopaka, ni kali, ina sehemu 22,600 za floraidi kwa milioni. Lakini mtoto wa miaka miwili anatosheka na robo ya mililita. Humo floraidi haifiki miligramu 6, na tunapaka mara mbili kwa mwaka. Mtoto anayekunywa lita moja ya maji yenye miligramu 5, na huku yapo yanayozidi hapo, anameza karibu kiasi hicho leo, kesho na keshokutwa. Anayeogopa brashi yangu aanze na ndoo yake. Na magadi! Yale mnayolainishia maharage na makande nayo yana floraidi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apikiwe uji kwa maji ya mvua yaliyochemshwa mkiyapata, na maharage yake yachelewe tu kuiva bila magadi.

Wapo wanaosema jino la kahawia halitoboki. Linatoboka. Lililoathirika sana huwa na vishimo, na chakula hukaa humo.

Kupaka kwenyewe ni dakika chache. Tunakausha meno kwa shashi, tunapaka, vanishi inagandishwa na mate. Siku hiyo mtoto ale vitu laini visivyo vya moto, mswaki usubiri kesho. Meno yatakuwa na unjano kidogo, msishtuke. Mwenye vidonda vya fizi, au mzio wa utomvu wa msonobari, atuambie mapema. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2013 ulikuta vanishi inapunguza uozo wa meno ya utotoni kwa wastani wa asilimia 37. Ni nyingi, lakini mtoto anayelala na chupa ya juisi mdomoni atanishinda. Mswaki uendelee: dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele kwa walio chini ya miaka mitatu, na mzazi ndiye aminye.

Jino lililokwisha kutoboka lina dawa nyingine, floraidi yenye madini ya fedha, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Tone moja, hakuna sindano wala mashine, na mara nyingi uozo unasimama. Ila sehemu iliyooza inageuka nyeusi kama wino, na weusi huo hauondoki. Mimi naona jino jeusi lisilouma ni bora kuliko usiku wa kilio, lakini mtoto si wangu. Kwa hiyo kwanza naonyesha picha, halafu nauliza. Wapo wazazi wanaokubali magego na kukataa meno ya mbele, na hapo napaka magego tu.