Kuchapisha kazi steshenari bila kuacha akaunti yako pale

Mambo vipi wanachuo. Leo tunalinda taarifa zako za chuo, na tunaanzia zinapovujia kila siku: steshenari ya nje ya geti, siku ya kukusanya kazi, foleni imefika mlangoni na kila mtu anafungua barua pepe yake kwenye kompyuta ile ile.

Kwanza, kama unaweza kukwepa, usifungue akaunti yoyote pale. Mtumie mwenye duka faili lenyewe tu. Ukilazimika kuingia, fungua Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Litakuja dirisha fiche, lisilohifadhi historia yako likifungwa. Ingia, pakua, chapisha, funga. Lakini angalia: faili ulilopakua linabaki kwenye folda ya Downloads hata dirisha likifungwa. Lichague, bonyeza Shift na Delete, lisipitie hata kwenye pipa la taka. Chungulia folda hiyo kwenye steshenari yoyote uone: vyeti vya kidato cha nne, fomu za mkopo zenye sahihi za wazazi, vyote viko wazi.

Ulifungua WhatsApp pale? Shika simu. Fungua WhatsApp; kwenye Android gusa nukta tatu juu, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa. Kila kifaa kilichoorodheshwa kinaweza kusoma meseji zako. Usichokitambua, kiguse, kitoe.

Sasa flashi, maana hapa ndipo watu hulia. Umerudi hosteli, umechomeka, folda zote zina kimshale pembeni. Usizibofye! Kirusi cha kompyuta kimeficha folda zako halisi na kuweka njia za mkato zinazokiamsha. Kazi yako haijapotea. Ndiyo maana nafasi ya flashi bado imejaa. Tazama herufi ambayo kompyuta imeipa flashi, tuseme ni E. Tafuta cmd, yaani dirisha la kuandikia amri, kwenye Windows, fungua, andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Folda zako zitajitokeza. Futa zile zenye kimshale, kisha ikague flashi yote kwa Windows Defender, kinga ya virusi iliyomo kwenye Windows, kabla ya kufungua chochote. Watu wanafomati haraka haraka na kupoteza ripoti nzima ya mafunzo kwa vitendo, wakati dawa ni mstari mmoja.

Tukihamia akaunti ya chuo: nywila uliyopewa siku ya usajili ibadilishe leo, hasa kama ni jina la ukoo au namba ya usajili, kwa sababu vyote hivyo vimo kwenye orodha aliyorusha CR, kiongozi wa darasa, kwenye grupu. Kwenye barua pepe washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila unaombwa pia msimbo unaotumwa kwenye simu yako. Namba inayopokea msimbo iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako, si cha kaka wala cha aliyekuuzia laini barabarani. Piga *106# uhakiki.

Msimbo huo haombwi na mtu wa TEHAMA, haombwi na Bodi ya Mikopo. Anayeuomba ni mwizi, hata awe mpole vipi.

Na ada kwenye vyuo vya umma vya Tanzania hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo (control number), tarakimu 12, inaanzia na 99. Mtu akikupigia na kukwambia "ile hela tuma kwenye namba hii", kata simu, ingia mwenyewe kwenye akaunti yako utengeneze namba yako.