Kunja karatasi kwanza, staa baadaye

Haya, wale wa nyuma sogeeni mbele, viti viko. Nimeambiwa niongee nanyi kuhusu kupanga kurasa za staa kwa ile projekti yenu ya jarida, na hata sijaweka mkoba chini mmoja wenu amenisimamisha hapo kwa mlango, madam, tutapataje namba ya simu ya staa? Kila mwaka swali la kwanza ni hilo. Na kila mwaka mimi nasema toa karatasi.

Toeni, siongei tu. Karatasi nne, zipangeni pamoja, kunja katikati, pitisha ukucha kwa mkunjo mpaka ulale. Hiyo ni kurasa 16. Andika namba kwa kalamu, 1 mpaka 16, alafu sambaratisha. Mnaona? 8 na 9 ziko pamoja kwa karatasi moja, hiyo ndiyo senta spredi, kurasa mbili za katikati zinazofunguka kama karatasi moja. Lakini 6 imekaa na 11, na 7 imekaa na 10! Sasa ukichukua picha moja ukaitandaza ukurasa wa 6 na 7 unaprinti nusu ya mtu kwa karatasi hii na nusu ingine kwa ile, fundi akiteleza milimita mbili tu bega linapanda na shingo inabaki chini. Alafu mnakuja kulaumu mtu wa printi.

Najua mnasema hii ni mambo ya fundi, sisi ni waandishi. Hapana. Wacha niwaambie kwa nini nimeng'ang'ana na hii kitu.

Kuna kikundi nilisimamia hapa Kisumu, vijana wazuri sana, wakampata mzee mmoja anayejulikana, mpiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Wajaluo. Wakampeleka Dunga, pale ufuoni mwa ziwa, jioni jua likishuka, wakamketisha katikati kabisa ya fremu, ziwa nyuma yake limegeuka shaba, kwa simu ile picha ilikuwa inakutoa machozi. Nikaiona na nikaipitisha, mimi mwenyewe, kwa skrini, bila kukunja karatasi. Tukaprinti nakala 200. Tukampelekea mzee yake nyumbani, akakaa kwa kigoda, akafungua pale katikati, na uso wake wote umeingia kwa mkunjo, stepla moja hapa kwa paji la uso, ingine chini ya kidevu. Akaweka kiganja akalainisha karatasi. Akalainisha tena, polepole, vile mtu hunyoosha nguo. Akaniangalia akaniambia, "Nyathina, mwanangu, uso wangu uko wapi?"

Hilo swali sijawahi kulijibu mpaka leo.

Na ingechukua dakika kumi kuzuia! Mtu anakunja karatasi, anachora mzee kwa ukurasa wa kulia, macho mbali na mkunjo, maji ya ziwa ndiyo yapite pale katikati kwa sababu maji hata yakimezwa kidogo hakuna mtu atajua. Kichwa cha habari kinakaa juu ya maji upande wa kushoto. Na chini yake unaweka ile pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu, ile anagongea ubao wa nyatiti, picha ndogo ya karibu kabisa, vumbi la mguu lionekane. Nyatiti ina nyuzi nane na huyu mzee ana vidole vya miaka yote hiyo, sisi tulikuwa na picha 140 na hakuna hata moja ya vidole, kwa sababu hakuna mtu alikuwa amechora mahali pa vidole. Ukichora kwanza unaenda kwa shuti ukijua unatafuta nini. Usipochora unarudi na uso tu, uso, uso.

Sasa kuna yule atasema madam si tutarekebisha kwa Photoshop. Sikizeni vizuri. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka Lupita Nyong'o kwa jalada, mwaka ule ule babake amechaguliwa gavana wa hapa Kisumu. Akaona nakala, nywele zake zimefutwa kwa kompyuta, zile zilizobaki zimelainishwa. Akaweka picha zote mbili wazi, ya kabla na ya baada, akasema hakuulizwa. Mpiga picha akaomba msamaha. Huyu ni mtu ana Oscar tangu 2014 na bado kuna mtu alikaa kwa meza akaona nywele zake ni kitu cha kusafisha. Kwa hivyo nafasi ya kichwa cha habari iache wakati unapiga picha, rudi nyuma hatua mbili, usikuje kuitafuta baadaye ndani ya kichwa cha mtu. Na mkibadilisha chochote kwa mwili wa mtu, aone kabla ya printi. Mimi kwa hilo siwezi kulegeza.

Instagram pia naona mmeiandika hapa kwa mpango. Picha ya pale kawaida ina upana wa pikseli 1,080, na kurasa mbili za A4 zikiwa wazi zinataka karibu 5,000 kwa 3,500 ndio zitoke safi, kwa hivyo utapata ukungu. Na picha ikiwa ya staa haimaanishi ni yake, mara nyingi ni ya aliyeipiga, tuna Sheria ya Hakimiliki tangu 2001, omba ruhusa kwa maandishi. Mkitumiana picha kwa WhatsApp tumeni kama dokumenti, la sivyo inabanwa.

Maswali ya mahojiano nilikuwa na mengi ya kusema lakini naona saa imeniishia, tutaongea wiki ijayo, kwa sasa msiulize kitu ambacho staa ameshajibu kwa redio mara ishirini. Kapsheni andikeni siku hiyo hiyo mkiwa bado mnakumbuka majina.

Nani ameshamaliza namba zake? Wewe wa shati ya bluu, kikundi chenu ni cha yule mchezaji wa mpira wa Gor Mahia, si ndio? Leta hiyo 8 na 9 yako hapa mbele, nionyeshe macho yake yatakaa wapi.